Kizuka Hakuwa Mpweke, Baba

Tibirinzi, Chake Chake
Jumapili, baada ya adhuhuri

Baba,

Dua yako nimekwisha kuisoma alfajiri, kwa hiyo haya si dua. Ni maneno tu, na baadhi yake ni ya hasira. Nakuomba radhi sasa hivi, mwanzoni, maana nikija kuomba katikati nitaiweka kalamu chini na sitaishika tena.

Samaki wako yu hai. Naanza na hilo kwa kuwa najua lingekuwa swali lako la mwanzo, kabla hujauliza hali ya Mama wala yangu. Yu hai, lakini mkia umebaki nusu na jicho la kushoto limekwenda. Tangi la kioo halipo tena. Yumo katika beseni la kufulia, nimelifunika kwa kipande cha wavu wa dirisha ili paka wa jirani asimfikie.

Mize naye yuko hapa. Hakurudi Tumbe kwa mumewe. Hilo hasa ndilo ninalotaka kukueleza, na nitalieleza kwa utaratibu, kama nilivyozoea. Ulikuwa kila ukinikuta nimeinamia daftari langu unaniuliza, "Haya, Bi Karani, leo dunia imefanya nini?" Nami nakujibu mvua imenyesha, umeme umekatika, bei ya mchele imepanda. Leo dunia imefanya makubwa zaidi.

Unakumbuka samaki walikuwa wawili. Mpangaji wetu wa chumba cha uani, alipomaliza kazi yake na kurudi kwao, alikuachia tangi, pampu yake ya hewa, na wale samaki wawili wa dhahabu wasiozidi vidole vitatu. Mmoja akafa. Huyu aliyebaki ukamwita Kizuka, kama anavyoitwa mjane aliye edani. Mama hakupenda. "Hilo si jina la kuchezea, mume wangu," alisema. Nawe ukacheka hadi kofia ikakuanguka: "Na kafiwa huyu, nimwiteje? Bi Harusi?"

Tangu hapo, kila ukirudi msikitini baada ya alasiri, ulivuta kiti ukakaa mbele yake, ukamegea chembe za mkate wa boflo. Yeye alipanda juu kabisa, akaweka mdomo usoni mwa maji, akawa anaufungua na kuufunga, kufungua na kufunga. Ulikuwa ukitwambia, "Mtazameni. Anamwita mwenzake." Mimi nilisema labda ana njaa. Ukanambia niende nikasome vitabu vyangu. "Kiumbe hakai peke yake, Siti. Mungu kaumba vyote viwili viwili." Ulilisema neno hilo kwa huruma ya kweli. Nilikuona macho yanakulenga machozi kwa ajili ya samaki.

Halafu akaja Mize na mkono umevimba kama mkate wa mofa.

Sina haja ya kukukumbusha, lakini nitakukumbusha. Ulimpeleka hospitali mwenyewe, akafungwa plasta. Hukulala. Nikasikia unatembea ukumbini usiku kucha, nikasema moyoni, amekwisha yule mumewe, Faki. Faki akaja na mkungu wa ndizi na shingo upande. Ukamwita Mize, ukamkalisha mbele ya tangi. "Mtazame huyu, mwanangu. Hana anayempiga, ana chakula, ana maji. Lakini mtazame anavyohangaika. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana."

Mize alikujibu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya kahawa, nikasikia kila neno: "Baba, yule si kugongana naye. Yule ananipiga mie, na mie sina ninachomfanya. Ipo siku ataniua."

Nami nilisikia, nawe ulisikia. Akaenda.

Mara ya pili alirudi hana jino la mbele. Safari hiyo ulimwapisha Faki kwa msahafu, akaapa vizuri sana, sauti yake ikatetemeka. Walipoondoka, yeye alikaa mbele kwenye pikapu yake ya samaki, Mize akapanda nyuma pamoja na matenga matupu. Ukasimama barazani ukawapungia mkono. Mize hakukupungia, Baba. Ulisema ameshika tenga asianguke.

Kisha kiharusi kikakuchukua wewe, baina ya swala ya sunna na ya faradhi, na nyumba ikajaa watu. Mize alikuja mazikoni. Hitima ilipokwisha na majirani walipobeba masufuria yao, alikaa chini jikoni, akavua viatu, akavisukuma mvunguni mwa meza. "Mie sirudi," alisema. Mama alikuwa keshaingia eda, yumo chumbani nyuma ya pazia.

Tukawa wanawake watatu na samaki mmoja. Ami Shaame, ndugu yako, alikuja kutoka Shumba kila wiki kututazama, na kila akiingia alitikisa kichwa: "Mmekaa kama watu walioachwa na boti." Alitupenda, sisemi hakutupenda. Lakini yeye ndiye walii wa Mize sasa, msimamizi wa ndoa yake, na Faki alikuwa akimfuata mpaka shambani kwake. Ami alikuwa na jibu moja tu, nalo alilipata kwako.

Jumamosi ya wiki iliyopita walikuja pamoja, baada ya alasiri. Faki alibeba ndoo nyeupe yenye kifuniko, akaiweka katikati ya ukumbi kama mtu aliyeleta mahari. Mimi na Mize tulikaa mkekani. Mama alibaki nyuma ya pazia kwa sababu ya Ami Shaame, shemeji asiyepaswa kumwona edani. Faki ni mkwewe, kwake hakuwa na haja ya kujificha.

"Mama!" Faki aliliita pazia. "Nimekuleteeni zawadi. Marehemu alikuwa akisikitika samaki wake yu peke yake. Nimemletea mwenzake."

Akafunua. Alikuwa perege, mweusi, mpana kama kiganja cha mtu mzima, ametoka katika kidimbwi cha bonde la mpunga kule Shumba. Ami ndiye aliyemwonyesha pa kumvua. Wote wawili walikuwa na furaha kama watoto.

Mimi nikasema, "Ami, huyo ni wa namna nyingine. Sijui kama watapatana."

"Samaki si samaki?" Ami aliuliza. "Si wote wana mapezi?"

"Shemeji Siti kasoma mno," Faki akasema. "Hata samaki anawataka waje na vyeti."

Wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu. Huyu mtu amekulia diko la Tumbe, pale samaki wanaposhushwa na kupigwa mnada. Akitupia jicho tenga moja tu anakwambia thamani yake. Lakini Faki samaki anawajua wakishakufa. Changu, tasi, pono, wote amewaona wamelala pamoja katika tenga moja hawana ugomvi. Basi akainua ndoo, akammimina perege katika tangi lako.

Perege alikwenda pembeni, akatulia. Kizuka alipanda juu, akashuka, akapanda tena. Ami Shaame akajikohoza.

"Sasa, Mize. Mumeo kaja, na kaja kwa adabu. Marehemu babaako kabla hajaondoka alikuwa keshasema: kiumbe hakai peke yake. Nani kakufundisha kumpinga baba aliye kaburini?"

Mize hakumtazama. Alikuwa akitazama tangi.

Perege alitoka pembeni mara moja, kama kofi. Sikuona alivyoanza, niliona tu Kizuka amebamizwa kwenye kioo na kipande cha mkia kinaelea peke yake. Akamrudia. Magamba yakatoka, yakawa yanashuka polepole hadi kwenye mchanga, yanang'aa. Kizuka alikimbilia juu, akapigwa tumboni. Akakimbilia chini, akapigwa. Tangi lenyewe lina upana wa mkono mmoja, Baba. Angekimbilia wapi? Kisha perege akamshika jicho. Aliling'ang'ania, akatikisa kichwa kama mbwa, na maji yakaingia uzi mwembamba wa damu.

"Mtoeni," Mize alisema.

"Wanajuana tu hao," Ami akajibu. "Waache, watazoeana."

"Kila mgeni lazima aonyeshe nguvu zake kidogo," Faki akasema, "ndipo aheshimiwe." Akamtazama Ami kuona kama anacheka.

"Mtoeni, anamuua!" Mize akainuka.

Faki akamdaka mkono akiwa hajasimama sawasawa. Ni ule ule wa plasta. Hakumpiga, Baba. Alimkunja tu, taratibu, mbele yetu, huku uso wake bado una lile tabasamu la mgeni mwenye adabu. "Kaa," alisema. "Wazee wanazungumza."

Mize akapiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwa binadamu.

Pazia halikufunguliwa, lilitoka pamoja na fimbo yake. Mama alipita katikati yetu na nguo zake za eda, ukaya wake wa kichwani umemwanguka mabegani, mbele ya shemeji yake, na mkononi ana bakora yako. Mama, ambaye kuku akichinjwa huingia ndani. Alimpiga Faki begani. Faki hakumwachia Mize. Akampiga la pili sikioni, na sikio likapasuka, nikaona damu inamwagika mpaka kwenye kola ya shati. Hapo ndipo alipomwachia. Akageuka, akakunja ngumi, akaiinua juu ya kichwa cha Mama.

Mize alimvaa kwa mwili mzima. Walikwenda wote wawili juu ya meza, na meza ikaenda na tangi.

Sauti ya kioo kile bado iko masikioni mwangu. Maji yalifika hadi mlangoni. Faki alianguka chali juu ya vigae, akaegemea kioo kwa kiganja, akapiga kelele. Mize alikuwa anatambaa katikati ya vioo akimtafuta Kizuka. Alimwokota kwa mkono mtupu, damu yake na ya samaki zikachanganyika, akamtia katika jagi la maji ya kunywa. Na mimi? Perege alikuwa anarukaruka mkekani. Nilichukua kiatu cha Faki pale mlangoni nikampiga. Nilimpiga hata alipokuwa hana tena umbo la samaki. Hakukosa kitu yule, alifanya aliloumbiwa, na aliyemtia pale si yeye. Hata hivyo mkono wangu haukutaka kuacha.

Nilipoinua kichwa, Ami Shaame alikuwa amesimama. Alikuwa mweupe midomo.

"Faki. Umemwinulia ngumi mjane wa ndugu yangu?"

"Mzee, wamenianza wao. Umeona mwenyewe."

"Nimeona. Ngumi hiyo ndiyo unayompigia mwanetu?"

Faki akatupia jicho mlango. Hilo lilitosha. Ami, na magonjwa yake yote ya mgongo, alimkamata kola akamburuta hadi uani. Wakapigana pale kama vijana wa shule, Ami akapasuliwa mdomo, Faki akapigizwa ukuta wa kisima, mpaka wanaume wa jirani wakaruka ua na kuwatenganisha. Faki alitoka akichechemea, kiatu kimoja, akipiga kelele kwamba atarudi na ndugu zake na nyumba hii ataitia moto. Mtaa mzima ulisikia. Magharibi ilipoadhiniwa tulikuwa kituo cha polisi, Mize na kiganja chake kimefungwa kanga, Ami na mdomo wake, na mimi ndiye niliyetoa maelezo kwa kuwa ndiye pekee niliyeweza kuyapanga.

Tuliporudi, Ami alikaa juu ya mkeka uliolowa.

"Nilikuwa nikisikia tu," alisema. "Sikuwahi kuona." Kisha akauliza, hakumtazama mtu: "Kaka alijua?"

Mimi niliinama kuokota vioo. Mama alikuwa amekwisha kurudi chumbani, tumemtundikia shuka badala ya pazia. Kutoka nyuma ya shuka alijibu neno moja: "Alijua."

Hilo ndilo neno lililonifanya nikuandikie.

Wiki nzima hii nimekaa na Kizuka kuliko nilivyokaa na mtu yeyote. Nilimpigia simu mtu wa Unguja anayeuza samaki wa mapambo, namba nilipewa na kijana wa duka la simu. Nilimweleza yote. Kwanza alicheka: "Perege? Yakhe, mbona hamkumtia na mamba kabisa?" Kisha akanifahamisha kwa upole. Samaki wa dhahabu hupenda kuwa na mwenzake, alisema, lakini wa aina yake, na katika tangi kubwa. Akiwa peke yake hafi kwa upweke. Hula, huogelea, humzoea anayempa chakula. Wawili katika maji machache huchafuliana maji tu na wote wakafa, na pengine ndivyo alivyokufa yule wa kwanza. Na bora akae peke yake miaka yote kuliko kukaa na wa kumtafuna.

Nikamuuliza: na akiweka mdomo juu ya maji, akifungua na kufunga, ndiyo anamwita mwenzake?

"Anamwita nani? Anakosa hewa huyo. Pampu yenu inafanya kazi?"

Baba, pampu ulikuwa ukiizima. Ulisema inakuvurugia redio. Uliizima kila ukikaa pale, ukamtazama akihangaika, ukamhurumia.

Hakuwa mpweke. Alikuwa hapati pumzi.

Sikulaumu kwa hilo. Samaki hana ulimi, na aliye nje ya kioo hana budi kukisia. Ulikisia kwa moyo mzuri ukakosea, nani asiyekosea? Lakini Mize ana ulimi. Mize hakukuachia ukisie. Alikwambia mdomo kwa sikio, kwa Kiswahili chepesi, ataniua. Ukamgeuza uso akatazame samaki. Jioni ngapi ulikaa ukitafuta maana ya mdomo usiotoa sauti, na mwanao anakulilia huna habari naye? Ulikuwa baba mwema. Uliuza karafuu zako za mwisho nisome. Ulimbeba Mize mgongoni mpaka hospitali alipokuwa na surua, Mama husimulia hadi leo. Basi nambie mimi, mtu huyo huyo aliwezaje kusimama barazani na kupunga mkono? Nimeliandika swali hili katika daftari langu na chini yake sijaandika kitu.

Habari nyingine ni hizi. Mtaani wamekwisha kugeuza mambo kuwa methali. Mwanamme akigombana na mkewe wanamwambia "usiwe perege." Wanacheka. Mize hapendi, nami sipendi. Yeye si samaki, na lililompata si fumbo.

Mama alitaka kujua kama eda yake imeharibika kwa kutoka vile. Mke wa Shehe alikuja mwenyewe kumtuliza, akamwambia kumwokoa mwana si dhambi, akae akamilishe siku zake kwa amani. Walipomaliza akamuuliza kwa sauti ya chini bakora ilikuwa ya mti gani. Nimesikia Mama anacheka kwa mara ya kwanza tangu uondoke.

Ami Shaame amesema kesho atafuatana na Mize kwa Kadhi, kudai avunjiwe ndoa. Amesema ataeleza aliyoyaona kwa macho yake. Mize amenyoosha baibui lake tayari. Ameniomba nisimsemee. Atasema mwenyewe, pengo na yote. Sijui hukumu itakuwaje na sijui itachukua muda gani. Faki anatuma ujumbe kwa simu, mara anatukana, mara anaomba msamaha, na vyote viwili nimevipeleka polisi.

Kizuka nimemfungia pampu kwenye beseni. Inanguruma mchana na usiku. Mdomo hauweki tena juu ya maji. Anaogelea kwa upande, akigonga ukingo kule ambako hana jicho. Nilimuuliza Mize kama tumtafutie mwenzake wa aina yake huko Unguja, na tangi kubwa. Akasema, "Mwache kwanza apone."

Sasa naifunga. Nenda kwa amani, Baba yangu. Mola akupanulie kaburi lako na akusamehe, nami namwomba hilo kwa dhati kila nikisujudu, hata siku ambazo siwezi kukusamehe mimi. Mapenzi yangu kwako hayakupungua hata chembe, na hasira pia haijapungua. Tutakapokutana nitakuja navyo vyote, wala sitakuficha hata kimoja.

Na ahadi yangu ni hii. Muda wote niwapo hai, hapana mtu atakayeamua jambo la Mize bila kumuuliza Mize. Na akishajibu, hapana mtu katika nyumba hii atakayejifanya hakusikia.

Mwanao,
Siti